Ligi ya raga ya timu sita Nyanda za Juu Kusini: tuchukue nini kwenye ligi za mikoa za Uingereza?

KatibuRaga_Uyole aliuliza:

Wakuu salaam. Timu sita zimekubali kucheza ligi ya raga ya wachezaji 15 mwakani: mbili za Mbeya mjini, na moja moja kutoka Tukuyu, Makambako, Njombe na Iringa. Kamati ya muda inataka tuige uendeshaji wa ligi za mikoa za Uingereza, yaani daraja la tano na la sita, ambako wachezaji wako kazini wiki nzima na Jumamosi wanaingia uwanjani. Kanuni zao tumezisoma, ila zimeandikwa kwa watu wenye viwanja vyao na chama cha waamuzi kilichokamilika.

Naomba msaada kwa haya. Pointi za msimamo zinahesabiwaje hasa, na bonasi ina faida gani kwa ligi ndogo kama yetu? Ratiba ya nyumbani na ugenini kwa timu sita ipangwe vipi, na miezi gani? Timu ikifika bila wachezaji wa safu ya mbele (wale watatu wa mbele kwenye skramu, pale pande mbili zinaposhikana na kusukumana kugombea mpira), mechi ichezwe au mwenyeji apewe ushindi wa mezani? Na viwanja vyote tulivyonavyo ni vya mpira wa miguu, hivyo tunahitaji vipimo na namna ya kusimamisha magoli. Tafadhali mtu aandike anachokijua kwa undani, maana tunaandika kanuni mwezi huu.

---

Msimamo_Nyanda alijibu:

Mkuu, kwanza muuelewe vizuri mfumo mnaotaka kuuiga, kwa sababu wenyewe waliubadilisha si zamani. Chama cha raga cha Uingereza ni cha mwaka 1871, lakini ligi zenye kupanda na kushuka daraja zilianza 1987 tu. Miaka yote kabla ya hapo vilabu vilikuwa vinaandikiana barua na kupanga mechi za kirafiki. Mwaka 2022 wakapangua daraja la tano: badala ya ligi nne kubwa, zikawa ligi sita za mikoa ziitwazo Regional 1, kwa kawaida timu 12 kila moja, mechi 22 kwa msimu. Chini yake kuna Regional 2, kisha ligi za kaunti. Sababu kubwa ilikuwa safari na uchovu wa wachezaji wasiolipwa. Kwa hiyo mkiambiwa ligi bora ni yenye mechi nyingi, jibuni kwamba Waingereza, wenye barabara na treni zao, walilazimika kupunguza.

Pointi za msimamo: ushindi 4, sare 2, kupoteza 0. Juu ya hapo kuna bonasi mbili tofauti. Timu inayofunga trai (kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani) 4 au zaidi inapata 1, iwe imeshinda au imepoteza. Inayopoteza kwa tofauti ya alama 7 au pungufu inapata 1. Chukua mechi iliyoisha 27 kwa 22. Mwenyeji amefunga trai 4 (20), konvesheni, yaani mikwaju ya baada ya trai, 2 (4) na penalti 1 (3). Mgeni amefunga trai 4 (20) na konvesheni 1 (2). Mwenyeji anaondoka na 5, yaani 4 za ushindi na 1 ya trai. Mgeni aliyepoteza anaondoka na 2: moja ya trai nne, moja ya kupoteza kwa tofauti ya 5. Mechi moja imetoa pointi 7, wakati mechi iliyoisha 12 kwa 3 inatoa 4 tu.

Katika ligi ya timu sita, bonasi ndiyo inayowafanya watu waendelee kucheza dakika ya 70 wakiwa nyuma kwa alama 20. Bila bonasi, timu dhaifu inakata tamaa mzunguko wa nne, na mzunguko wa saba haisafiri. Ichukueni kama ilivyo, msiipunguze.

Timu zikifungana pointi, wenzetu huangalia kwanza idadi ya mechi ambazo kila timu imeshinda, ndipo tofauti ya alama za kufunga na kufungwa. Hilo liandikwe kabla ya mechi ya kwanza. Makatibu wengi huliacha, halafu wiki ya mwisho kila timu inaleta tafsiri inayoipendelea.

Andikeni pia kifungu cha msimu usioisha. Machi 2020 ugonjwa wa korona uliposimamisha ligi zao, msimamo wa mwisho ulikokotolewa kwa wastani wa pointi kwa mechi, ukitenganisha nyumbani na ugenini ili aliyekuwa amebakiza mechi nyingi za nyumbani asionewe. Kwenu sababu itakuwa mafuta ya gari au barabara, lakini hesabu ni ileile.

---

Mpanga_Ratiba alijibu:

Nashika la ratiba. Timu sita ni mizunguko 5 ya mechi tatu tatu, jumla 15. Marudiano yanafanya 30, wiki 10 za kucheza. Pangeni kwa njia ya duara: timu namba 1 inabaki palepale, nyingine zinazunguka kuizunguka. Namba 1 na 2 ziwe Mbeya, 3 Tukuyu, 4 Makambako, 5 Njombe, 6 Iringa. Anayetajwa kwanza ni mwenyeji:

Mzunguko wa 1: 1–6, 2–5, 3–4
Mzunguko wa 2: 5–1, 4–6, 3–2
Mzunguko wa 3: 1–4, 6–2, 5–3
Mzunguko wa 4: 3–1, 2–4, 6–5
Mzunguko wa 5: 1–2, 6–3, 4–5

Marudiano ni hizohizo, mkigeuza mwenyeji. Hakuna timu yenye mechi zaidi ya 3 za nyumbani kwa nusu msimu wala pungufu ya 2.

Kwenye miezi, hapo msiige kabisa. Msimu wao ni Septemba hadi Aprili kwa sababu majira yao ni mengine, na hata hivyo baridi kali ya Desemba na Januari inagandisha viwanja na mechi zinaahirishwa. Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na upande wa Rungwe hadi Mei bado inanyesha. Uwanja wa Tukuyu mwezi Machi ni tope la kufika kwenye kifundo cha mguu. Skramu moja tu inaufumua, na mwenye uwanja hatawaruhusu tena. Chezeni kuanzia katikati ya Mei.

Kila baada ya mizunguko mitatu acheni Jumamosi moja wazi kwa mechi za kiporo. Wiki ya Nanenane msipange kitu Mbeya: maonyesho ya kanda yako pale viwanja vya John Mwakangale, na magari na nyumba za wageni vinajaa. Angalieni pia vyuo. Vyuo vikuu vingi vinafunga mwaka Julai au Agosti, na timu inayotegemea wanafunzi inabaki na watu tisa. Timu ya namna hiyo isajili watu wa mjini mapema, ama mechi zake za marudiano ziwekwe mwanzoni.

Kuanza saa 9:00 alasiri kunatosha. Dakika 80, mapumziko yasiyozidi 15, na muda wa majeruhi, mnamaliza kabla ya saa 11:00. Iringa wakitoka saa 11:00 alfajiri wanafika Mbeya na kupata muda wa kula na kunyoosha viungo.

Ombi moja zito: msibane nauli kwa kuipangia timu mechi Jumamosi na Jumapili. Mwili uliogongwa dakika 80 haupo tayari baada ya saa 20. Kama lazima mkutanike mahali pamoja siku moja, chezeni bonanza la wachezaji saba au kumi kwa mechi fupi, na lisihesabiwe kwenye ligi.

---

Hesabu_Makambako alijibu:

Kazi nzuri ndugu Mpanga_Ratiba, ila kuna kasoro moja kwenye marudiano. Timu ya 6 iko nyumbani mzunguko wa 3, 4 na 5. Mkianza marudiano kwa kugeuza mzunguko wa 1, inakuwa 6–1, nyumbani tena, na unaofuata ni 6–4. Mechi tano mfululizo Iringa! Kisha inamaliza msimu kwa safari tatu mfululizo, Mbeya, Njombe na Tukuyu, fedha zikiwa zimeisha. Anzeni marudiano na mzunguko wa 3 uliogeuzwa, ufuate wa 4, wa 5, halafu wa 1 na wa 2. Nimepitisha timu zote sita; hakuna itakayozidi mechi tatu mfululizo upande mmoja, na kati ya mechi ya kwanza na marudiano yake kuna angalau mizunguko miwili.

Suala la nauli nimelipigia hesabu kwa umbali wa takriban: Mbeya hadi Makambako kilomita 170, Makambako hadi Njombe 60, Makambako hadi Iringa 165, Mbeya hadi Tukuyu 70. Anayetoka Tukuyu kwenda Makambako haingii mjini, anakata Uyole, kwa hiyo ni kama 220. Kwa msimu mzima, kwenda na kurudi, Iringa wanatembea kama kilomita 2,900. Njombe na Tukuyu ni kama 2,050 kila mmoja. Timu za Mbeya kila moja 1,600 na ushee, Makambako chini kidogo ya hapo. Wastani ni kama 1,960.

Iringa wanabeba karibu mara mbili ya timu ya Mbeya. Timu ya namna hiyo ndiyo inayojitoa mwezi wa pili, na ikijitoa ratiba yote inatoboka. Undeni mfuko wa safari: aliye chini ya wastani alipie pengo lake kwa kilomita, aliye juu afidiwe kwa kiwango hichohicho. Kiwango mkipate kwa kuuliza bei ya kukodi Kosta Mbeya hadi Iringa na kurudi, gawa kwa 670. Fedha ikusanywe yote kabla ya mzunguko wa kwanza. Ahadi ya kulipa mwezi wa saba haiendeshi gari.

---

Propu_wa_Kushoto alijibu:

Swali la safu ya mbele ndilo lenye uzito kuliko yote uliyouliza. Ligi za chini, huko na hapa, haziuawi na uhaba wa vipaji. Zinauawa na mechi ambazo hazikuchezwa, na sababu ya kwanza ya mechi kutochezwa ni kukosa mapropu (wawili wa pembeni kwenye safu ya mbele) na huka (wa katikati yao).

Kanuni ya tatu ya raga iko wazi. Timu yenye wachezaji 15 au pungufu iwe na watatu wanaoweza kucheza safu ya mbele. Ikiwa na 16 hadi 18, wanne. 19 hadi 22, watano. 23, sita. Na "wanaoweza" maana yake wamefundishwa. Mtu mnene aliyechukuliwa stendi asubuhi hahesabiki, na kumweka pale ni kumhatarishia shingo.

Mkifika uwanjani timu moja imepungukiwa, chezeni kwa skramu isiyosukumana. Wachezaji wanane kila upande, wanashikana kama kawaida, hakuna kusukuma, na anayeingiza mpira anaupata. Mechi inaendelea na watu waliosafiri kilomita 300 wanacheza. Ila lazima kuwe na gharama, vinginevyo timu yenye skramu dhaifu itajifanya haina huka kila Jumamosi. Pendekezo langu: timu iliyosababisha isipate bonasi ya kupoteza kwa tofauti ya 7, na mchezaji ambaye kuondoka kwake kumesababisha skramu isiyosukumana asiwekewe sabu. Hilo la pili kanuni za dunia zinaruhusu chama kuliamua. Ushindi wa mezani, pointi 5 kwa aliyefika, ubaki kwa timu isiyotokea kabisa au isiyofikisha wachezaji 12. Hiyo 12 ni maoni yangu, ila muiandike namba, msiandike "wachezaji wa kutosha".

Kwa sabu, kanuni zinaruhusu chama kuweka mabadiliko ya kuzunguka kwenye madaraja ya chini, anayetoka anaweza kurudi, mradi yasizidi 12 kwa mechi. Yachukueni. Propu mmoja mzuri aliyepumzishwa dakika 15 anaokoa mechi.

Kadi ya mechi iwe na alama mbele ya kila jina la mchezaji wa safu ya mbele: K kwa propu wa kushoto, H kwa huka, L kwa propu wa kulia. Makapteni wote wawili wasaini kabla ya mpira kuanza. Mwamuzi akague hiyo kadi, si maneno ya kocha.

Mafunzo yaanze wiki nane kabla. Wawili kwa wawili kwanza, wakiwa wamepiga magoti, kisha watatu kwa watatu, kisha watano, mwisho wanane. Mabega yasishuke chini ya nyonga hata mara moja. Kidevu kisiguse kifua, macho yatazame mbele, mgongo uwe bapa kama meza. Propu wa kushoto anapitisha mkono wake wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa mpinzani na kushika jezi mgongoni au ubavuni. Kushika kola, mkono wa jezi au kifua ni kosa. Skramu inaanguka kwa sababu tatu: mkono umeshika chini sana na unavuta, miguu iko nyuma mno kiasi kwamba mtu amelala hewani, au pande mbili zimeanza mbali na kugongana kama kondoo. Amri za mwamuzi ni tatu, krauchi, baindi, seti, na mtu asiingie kabla ya ya tatu. Skramu ikianguka, filimbi papo hapo, wa nyuma waache kusukuma, walioanguka wasijikwamue kwa nguvu.

La mwisho, umri. Vijana wengi huku ni wa sekondari. Chini ya miaka 19 kuna kanuni zake: skramu haisukumwi zaidi ya mita 1.5 na kila kipindi hakizidi dakika 35. Uingereza kijana wa miaka 17 anaweza kucheza na watu wazima kwa vibali maalumu, lakini haruhusiwi safu ya mbele. Hilo liigeni neno kwa neno.

---

Fundi_Mafinga alijibu:

Naongelea uwanja tu.

Raga inahitaji urefu wa mita 94 hadi 100 kati ya mistari ya goli, upana 68 hadi 70, na nyuma ya kila mstari wa goli eneo la trai la mita 6 hadi 22. Kwa kiwango cha chini kabisa ni 94 + 6 + 6, mita 106 kwa 68. Uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 unakosa mita moja tu. Ukiwa na nyasi nyuma ya goli, ongezeni huko. Ukiwa mfupi zaidi, timu zote mbili zikubaliane kwa maandishi na mwamuzi ajue kabla ya mechi.

Pembe msipime kwa jicho. Chukueni kamba yenye alama ya mita 6, 8 na 10. Pembetatu yake inatoa pembe mraba kamili. Mkishapata kona nne, pimeni mishazari miwili, ilingane. Mistari mirefu isiyokatika kwenye uwanja wa 106 kwa 68 ni karibu mita 690, mbali na ile ya vipande vipande ya mita 5, 10 na 15.

Kuchora: tafadhali sana msitumie chokaa ya kujengea, hata kama ya Songwe ni rahisi na iko jirani. Kwenye raga watu wanalala juu ya mstari wakiwa na jasho, uso chini. Chokaa ikikutana na unyevu inaunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kupofusha. Tumieni rangi nyeupe ya maji, lita 1 kwa lita 3 au 4 za maji, kwa brashi pana au bomba la kunyunyizia. Chujeni kwa kitambaa kwanza, la sivyo pua ya bomba itaziba kila baada ya mita 20.

Magoli: nguzo mbili zenye nafasi ya mita 5.6 kati ya kingo za ndani, mtambaa ambao juu yake ni mita 3.0 kutoka ardhini. Nguzo zinaruhusiwa kuwa na mita 3.4 tu, lakini kwa kimo hicho mwamuzi haoni kama mpira umepita ndani au juu ya nguzo. Nendeni mita 7 kwenda juu. Kama uwanja ni wenu peke yenu, nguzo za mlingoti zilizotiwa dawa kama zile za umeme, zinazopatikana Mafinga, zinafaa: za mita 8.5, mchimbie mita 1.5. Bomba la chuma la inchi 2 linauzwa kwa mita 6, kwa hiyo moja linatosha mtambaa: 5.6 ya katikati na sentimita 20 za kushikia kila upande. Lifungeni kwa klampu za chuma nyuma ya nguzo. Mkitoboa nguzo tundu la inchi 2 mmeidhoofisha hapohapo ambapo upepo unaisumbua.

Ila kama uwanja mnashirikiana na mpira wa miguu kuna tatizo ambalo watu hawalioni mpaka siku ya kuchora. Mstari wa goli wa raga unakuwa mita 5 au 6 mbele ya goli la mpira wa miguu, yaani nguzo zenu zinasimama ndani ya kiwanja chao, na goli lao linasimama ndani ya eneo lenu la trai. Zenu lazima ziwe za kung'oa. Fukieni soketi za bomba la inchi 5, kina mita 1.2, chini kokoto ili maji yatoke, juu mfuniko unaolingana na nyasi. Nguzo ziwe bomba la inchi 4. Lao liondolewe siku ya mechi yenu. Kama limejengewa saruji, tafuteni uwanja mwingine. Mtu anayerukia trai haangalii mwamba wa goli uliopo mita mbili mbele yake.

Godoro la sponji mlifunge kuzunguka nguzo hadi kimo cha mtu na kulivika turubai. Unene: kutoka mstari wa goli hadi ukingo wa nje wa godoro isizidi sentimita 30. Vibendera 14 vya kimo cha mita 1.2 au zaidi, fimbo nyepesi inayopinda.

Kuanzia Julai ardhi inakuwa ngumu kama tofali. Mwagieni maji Alhamisi jioni, si Ijumaa usiku, ili juu pasiwe na utelezi.

---

KatibuRaga_Uyole aliandika:

Asanteni sana wakuu, hii ni zaidi ya tulichoomba. Kifungu cha safu ya mbele na mfuko wa safari vinaingia kwenye rasimu leo. Mawili yamebaki: aliyegongwa kichwa akae nje muda gani, na kuna mjumbe anataka tuweke kanuni ya kukaba chini ya kifua kama Uingereza. Pia mipira yetu inanunuliwa Dar ikiwa imejazwa upepo, na wapiga mikwaju wanalalamika ni migumu.

---

Mganga_wa_Pembeni alijibu:

Kichwa: mchezaji anayeshukiwa tu, anatoka na harudi siku hiyo. Ule utaratibu wa kupimwa dakika chache na kurudi ni wa mechi za kulipwa zenye madaktari. Ligi za chini za Uingereza hawautumii. Dalili za kumtoa ni kupepesuka, kuuliza swali lilelile mara mbili, kushika kichwa, kutazama bila kuona, kutapika, au kulala bila kutikisika hata sekunde chache. Asiachwe peke yake saa 24 za kwanza, asiendeshe gari, asinywe pombe. Mwongozo wa Uingereza wa 2023 unasema asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21, na kabla ya kurudi kwenye mazoezi ya kugongana awe amekaa siku 14 bila dalili. Kwenye ratiba yenu hiyo ni wiki tatu. Andikeni jina na tarehe kwenye kadi ya mechi, katibu wa ligi atunze orodha, na mwamuzi wa wiki inayofuata apewe. Kocha asiwe ndiye anayeamua.

Anayelalamika shingo au ganzi mikononi asiinuliwe. Mtu mmoja amshike kichwa kilivyo, mechi isimame hata nusu saa, gari la wagonjwa liitwe. Namba ya hospitali iliyo karibu iandikwe kwenye kadi ya kila uwanja kabla ya msimu. Bila machela ngumu na mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza pembeni, mwamuzi asianzishe mpira. Kozi za World Rugby (shirikisho la raga la dunia) za huduma ya kwanza na majeraha ya kichwa ziko bure mtandaoni. Kila timu itoe watu wawili wamalize kabla ya Mei.

Kukaba: kuanzia Julai 2023 Uingereza imeshusha kimo kwenye raga yote ya jamii, kuanzia daraja la tatu kwenda chini, hadi ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kinachopunguzwa ni vichwa viwili kukutana. Lakini msijitungie. Pelekeni maombi chama cha taifa, waamuzi wafundishwe, ndipo muanze, vinginevyo kila refa atapuliza kimo chake.

Mpira: presha inayotakiwa ni pauni 9.5 hadi 10 kwa inchi ya mraba, na kipimo kinasoma tofauti ya upepo wa ndani na wa nje. Dar hewa ya nje ina kama kilopaskali 101, Mbeya kwenye mita 1,700 ni kama 83. Mpira uliojazwa pauni 10 pwani unasoma karibu 12 ukishafika Uyole, mgumu, unaruka ovyo na kumpotokea mpokeaji. Toeni upepo kwa sindano iliyolowekwa mate au glisirini, pimeni kwa geji, na mpime saa moja kabla ya mechi, mpira ukiwa umeshakaa kwenye baridi ya uwanja. Timu ya Njombe iko juu zaidi, kwa hiyo mipira ya Mbeya ikifika kule ipimwe tena.